Mkono Mfukoni

Mkono wake ulikuwa umeshateremka kutoka begani mwa farasi, ukapita kiwiko, ukakaribia goti, pale mnyama alipolaza masikio nyuma. Dada Pasi akausimamisha mkono papo hapo. Hakuuondoa, wala hakuuongezea nguvu. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake: bonyeza kidogo, ngoja, na mnyama akikupa hata chembe, achia. Mzee alikuwa akisema kwamba farasi hajifunzi pale unapombonyeza, anajifunza pale unapomwachia. Kwa hiyo akangoja. Kisha akakohoa, kikohozi kifupi cha kubisha hodi, akateremsha vidole hadi kwenye kifundo cha mguu.

Farasi akaunyakua mguu, akaruka pembeni, akapindua ndoo ya brashi, akaenda kusimama kwenye kona ya mbali na kumtazama kwa jicho moja.

"Haya, nitazame vizuri," Dada Pasi akamwambia kwa sauti ya chini. "Nimekula nini chako?"

Farasi huyu jike, wa rangi ya majivu, aliitwa Bi Mashaka, na jina hilo hakulipewa bure. Jani likidondoka, alitaka kujua limetumwa na nani. Ndoo ikihamishwa kutoka ukuta huu kwenda ule, aliizunguka na kuinusa kama askari wa getini mbele ya mgeni asiye na kitambulisho. Mzee alimpata akiwa mbichi kabisa, akamlainisha mwenyewe bila fimbo wala kelele, na alipofariki mwanzoni mwa mwaka alimwacha akiwa farasi wa mwisho katika banda ambalo zamani lilijaa farasi wa watu, walioletwa kutiwa adabu.

Sasa ukwato wa mguu wake wa mbele wa kushoto ulikuwa na ufa. Ulianzia chini, mwembamba kama uzi, na kila Dada Pasi alipoutazama alihisi umepanda kidogo. Wiki iliyopita alikuwa amemwita fundi kwato. Fundi alimwendea Bi Mashaka kwa upande wa kushoto, kama mafundi wote wanavyofanya, akainama, akaushika mguu. Farasi akageuka mzima mzima, na teke lililokusudiwa sikio la fundi likavunja ubao wa ukuta.

"Mama, mimi nina watoto," fundi alisema akijikung'uta suruali. "Ufa huo ukifika kwenye nywele za juu ya ukwato, huna farasi tena. Nitarudi Jumamosi ijayo, mara moja tu. Akinipa mguu, nitamtengeneza. Asiponipa, mwite daktari wa mifugo na sindano yake."

"Ya usingizi?"

"Utamlaza usingizi kila mwezi? Ufa huo unataka kusuguliwa kwa tupa kila mwezi mpaka ukwato uote upya. Nasema ile sindano nyingine."

Leo ilikuwa Alhamisi.

Dada Pasi akaokota brashi moja moja. Hakuwa mtu wa kulaumu haraka, lakini asubuhi ile machale yalimcheza. Alipoupitisha mkono shingoni mwa farasi kumtuliza, manyoya marefu ya shingo yalinuka chuma kilichoungua. Na kwenye nguzo ya katikati ya banda, chini chini, palikuwa na vistari vya chaki ambavyo hakuvichora yeye. Vingi vilikuwa vimefifia. Kimoja kilikuwa kipya, unga wake bado ukishika kidoleni.

Katika nyumba ile, mtu mwenye chaki mfukoni na harufu ya chuma nguoni alikuwa mmoja tu.

Mdogo wake, watu wa mtaani walimwita Cheche, kwa ajili ya kazi yake ya kuchomelea mageti na madirisha. Alilala chumba cha uani, ukuta mmoja na banda. Tangu Dada Pasi arudi nyumbani, ndoa yake ilipovunjika baada ya msiba, walikuwa wakiishi kama wapangaji wawili: habari za asubuhi, habari za jioni, nani kamaliza maji ya pipa. Alimkuta Cheche ndiye anayemlisha farasi. Akachukua zamu ya asubuhi bila kuuliza, na ufunguo wa banda akauingiza kwenye shada lake la funguo. Siku moja Cheche, akiwa amesimama mlangoni mwa banda anatafuna mkate, alisema, "Hapa pangekuwa na umeme wa maana, karakana ingekaa vizuri sana." Huenda yalikuwa maneno ya mtu mwenye mkate mdomoni. Lakini Dada Pasi aliyaweka moyoni.

*

Kwenye duka la dobi alikofanya kazi, joto lilikuwa la kumpika mtu. Dada Pasi alikuwa na kola za mashati mbele yake, na mkabala naye alisimama mwenzake wa kukunja mashuka, mwanamke mwenye maoni juu ya kila kitu kilicho chini ya jua.

"Vistari vya chaki?" mkunja mashuka akauliza. "Kwenye nguzo? Huyo anapima, mwenzangu."

"Anapima nini?"

"Pa kukata! Mwanamume hainami na chaki kwa kupenda. Ataitoa nguzo, aingize mashine yake, halafu akuambie ilikuwa imeoza. Na farasi mwenyewe anasemaje?"

"Farasi anashtuka ukimgusa miguu."

"Anashtuka. Na mdogo wako anashinda na moto mkononi. Sasa unataka nikuchoree ramani?"

"Sijamwona akimfanya kitu."

"Hujamwona kwa sababu huendi kuangalia. Wewe ni wa kungoja mwizi akusalimie ndiyo ujue ameingia."

Dada Pasi akacheka, lakini kicheko kilimkwama katikati. Aligeuza kola, akaibana, akapitisha pasi. Mikono yake iliyajua mavazi kuliko alivyowajua watu, na labda ndiyo maana mawazo yake yaliruka hadi kwenye koti la baba yake. Alilipiga pasi mwenyewe wiki ile aliyorudi, kisha akalitundika kwenye stoo ya nyasi mahali lilipokuwa siku zote. Mfuko wa kulia ulikuwa mzima kama wa dukani. Wa kushoto ulikuwa umelegea, umetuna, kitambaa chake cha ndani kimelika hadi nyuzi zinaonekana. Alikuwa amejiuliza mzee alikuwa akificha nini mle.

Maana mzee alikuwa mtu wa kuficha. Dada Pasi alipokuwa msichana, baba yake alimkumbatia kwa mikono yote miwili mpaka miguu yake inaelea. Alipoolewa na mtu ambaye mzee hakumtaka, mambo yakabadilika. Si mara moja, ila katika ile miaka ya mwisho, kila alipokuja kusalimia, mzee alimpokea getini mkono mmoja mfukoni, akimnyooshea ule mwingine kama unavyomsalimia mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Hasira zake alizitia mfukoni, akakaa nazo mpaka akafa. Hivyo ndivyo Dada Pasi alivyoamini, na hakuwahi kumwambia mtu.

Baada ya chakula cha mchana bomba la mvuke likapasuka, duka likajaa ukungu, na mwenye duka akawaruhusu warudi nyumbani.

"Si unaona?" mkunja mashuka akamnong'oneza akivua aproni. "Nenda kaangalie."

Dada Pasi hakuivua yake. Aliondoka nayo kiunoni, kama mtu aliyesahau.

*

Stoo ya nyasi ilitenganishwa na banda kwa mbao zilizoachana. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akajibana kati ya marobota na lile koti. Jua bado lilikuwa juu. Alijiona kituko: mwanamke mzima, amejificha nyuma ya koti la marehemu kumchungulia mdogo wake. Alikuwa karibu kutoka aliposikia kitasa cha geti.

Cheche aliingia mikono mitupu. Hakuwa na nyundo wala futi. Kufuli la banda lilikuwa limefungwa na ufunguo ulikuwa kwa dada yake, kwa hiyo aliinua ubao ule uliovunjwa na teke, akapenya kama paka. Dada Pasi akabana meno. Basi huyu huingia na kutoka atakavyo.

Lakini hakuenda kwenye nguzo. Alikwenda kwa farasi, na akaenda upande wa kulia, ambako watu hawamwendei farasi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni. Akasimama tu. Hakumwomba mnyama kitu chochote. Bi Mashaka akamnusa bega, akamnusa kiuno, akashusha pumzi ndefu na kichwa kikashuka nayo. Ndipo Cheche akainama taratibu, akaupitisha mkono wa kulia chini ya kifua cha farasi hadi mguu wa pili, mguu wa kushoto, wenye ufa, akaugusa nyuma ya goti kwa vidole viwili. Akangoja.

Mguu ukanyanyuka wenyewe.

Cheche akauachia papo hapo, ukashuka. Akaugusa tena. Mara hii ukapanda zaidi, akaupokea kiganjani, akakaa nao kwa pumzi kadhaa. Halafu Bi Mashaka akaunyakua kwa ghafla, kana kwamba amekumbuka jambo. Cheche akatikisa kichwa, akatoa chaki sikioni, akachuchumaa mbele ya nguzo na kuchora kistari.

Nyasi kavu zina vumbi. Dada Pasi aliminya pua, akameza mate, akajaribu kufikiria kitu kingine, lakini wapi. Kikohozi kilimtoka kama cherehani.

Farasi akaruka hadi ukutani. Cheche akakaa chini kwa makalio.

"Nani huyo?"

"Mimi."

"Unafanya nini humo?"

"Na wewe unafanya nini humo?"

Alitoka, nyasi zimemjaa kichwani. Cheche alikuwa ameshasimama, uso umekunjamana.

"Nilijua una lako jambo," akasema. "Unamleta fundi mimi nikiwa kazini, unakaa na ufunguo, sasa unanichungulia. Sema tu, Dada. Unataka mnyama aonekane hafai, adungwe sindano, wewe ubaki na eneo."

"Mimi? Mimi ninayemwamkia kila siku? Anayepima nguzo ni nani?"

"Napima nguzo?" Cheche akaitazama nguzo, kisha dada yake, na kicheko kikamponyoka bila ya kukusudia. "Napima mguu, bwana! Kila jioni naweka alama ukwato ulipofika. Alikuwa anafika hapa." Akagusa kistari cha juu kabisa, kilichofifia. "Halafu wewe ukaanza asubuhi zako. Halafu fundi wako akaja. Tazama mwenyewe ulivyomteremsha."

Dada Pasi akainama. Vistari vilipanda, kisha vikaanza kushuka, na kile cha leo kilikuwa chini ya vyote.

"Au umemteremsha wewe," akasema. "Nani anamshika farasi kwa upande wa kulia? Unaingiza mkono chini ya kifua kama mwizi wa mayai. Baba hakufanya hivyo."

"Baba alifanya hivyo kila siku."

"Mbele ya nani?"

"Mbele yangu. Wewe hukuwepo."

Hilo lilimchoma, na Cheche aliona limemchoma, lakini Dada Pasi hakurudi nyuma. "Baba alisimama kushoto. Mikono miwili. Anakohoa kwanza ili farasi ajue anakuja. Nimemwona kwa macho yangu."

"Umemwona zamani, alipokuwa anavuta! Kile kikohozi kilikuwa cha sigara, Dada. Hayakuwa mafunzo. Aliziacha kabla Bi Mashaka hajazaliwa. Mnyama huyu hajawahi kusikia mtu akikohoa chini ya tumbo lake mpaka ulipokuja wewe. Nakusikia kila asubuhi nikiwa kitandani. Kohoo! Halafu ndoo, gaa!"

Alimwigiza vizuri mno. Dada Pasi alitaka kukasirika lakini midomo ilimsaliti kidogo, akageuza uso. Alipomgeukia tena, macho yake yalishuka hadi kwenye suruali ya mdogo wake.

"Na huo mkono?"

"Upi?"

"Huo. Tangu umeingia uko mfukoni. Umeficha nini?"

Cheche akautoa, akaukunjua. Ulikuwa mtupu. Lakini Bi Mashaka, aliyekuwa ameanza kutulia, aliinua kichwa akarudi nyuma hatua nzima. Cheche akaurudisha mkono mfukoni, polepole.

"Umeona? Huyu alifundishwa na mtu wa mkono mmoja. Wa pili ukitokea, kwake ni mgeni."

"Mtu gani wa mkono mmoja?"

Cheche alimkazia macho kwa muda, akitafuta kama anataniwa. "Dada," akasema, na sauti ilikuwa imepoa. "Mkono wa kushoto wa Baba ulikufa. Aliamka asubuhi moja haumtii. Kwani hukujua?"

"Ningejulia wapi?"

"Alikataza usiambiwe. Alisema utaacha nyumba yako uje kumfunga vifungo vya shati. Ukisikika unakuja, anaunyanyua kwa huu mwingine anautumbukiza mfukoni, ndiyo anatoka getini. Nilidhani mwishoni alikuambia mwenyewe. Halafu umerudi umenuna, nikasema basi huyu anajua, na ananilaumu mimi kwa kunyamaza."

Kwa Dada Pasi neno halikuwa kweli kwa sababu tu limesemwa, hata likisemwa na mdogo wake, hata likisemwa kwa sauti ile. Akarudi stoo, akalishusha koti, akaingiza mkono wake wa kushoto katika mfuko uliolika. Akaupima kama alivyopima nguo za wateja. Pakiti ya sigara ingekwangua kwa pembe zake. Funguo zingetoboa chini. Hapa kitambaa kilikuwa kimelika sawasawa, pande zote, na kimetanuka kwa uzito wa kitu kizito, laini, kilicholala mle kutwa nzima, mwaka hadi mwaka. Vidole vyake vilikaa kwenye mabonde yaliyokuwa tayari.

Akakumbuka lile geti, na ule mkono aliokuwa akinyooshewa. Ulikuwa ndio pekee uliobaki, na mzee alikuwa akimpa wote.

"Si angeniambia tu," akasema akiwa bado ndani ya stoo.

"Angekuambia," Cheche akakubali. "Lakini ndivyo alivyokuwa."

*

Walipoanza tena, jua lilikuwa limelegea na kuingia kupitia mlangoni. Dada Pasi alikwenda upande wa kulia, mkono wa kushoto akautia kwenye mfuko wa aproni. Bi Mashaka alimkagua kuanzia nywele hadi viatu, akaweka pua kwenye ule mfuko na kuvuta harufu yake mara mbili.

"Usikohoe," Cheche akanong'ona.

"Sikohoi."

"Umeshika pumzi. Naye ameshika yake. Pumueni basi."

Akapumua. Akapitisha mkono chini ya kifua, akagusa nyuma ya goti la mbali, akangoja, na uzito wa mnyama ukahama. Ukwato ukaachana na ardhi kwa upana wa kidole. Akauachia. Katika asubuhi zake zote hakuwahi kupata hata hicho kidole.

Lakini shida ilikuwa palepale. Fundi kwato hangekubali kulala chini ya kifua cha farasi. Alikuwa na mikono miwili na tupa, na kazi yake angeifanya akiwa kushoto, upande ambao kwa Bi Mashaka, kutoka goti kwenda chini, haukuwa wa kuguswa na binadamu. Ilibidi mmoja auombe mguu kwa kulia na mwingine amzoeze farasi kuona mtu kushoto.

"Uombe wewe," Cheche akasema. "Mimi nitakuwa fundi."

"Unanuka moto."

"Na wewe unanuka sabuni. Tangu lini farasi akaamini sabuni?"

"Upande ule nimeuharibu mimi," Dada Pasi akasema. "Sogea."

Alichukua tupa ya zamani ya mzee, akaishika wazi mbele ya paja lake. Cheche akaenda kulia, akatia mkono mfukoni, akaomba. Mguu ukapanda kiganjani mwake. Dada Pasi akapiga hatua moja. Mguu ukanyakuliwa. Akarudi nyuma, akangoja mpaka masikio yalegee. Akapiga hatua tena, ndogo kuliko ile, na sikio moja likamgeukia na kubaki limemwelekea, na jicho la Bi Mashaka likaonyesha weupe pembeni. Mguu ulitetemeka mkononi mwa Cheche. Haukushuka.

Kutoka pale aliuona ufa vizuri. Ulikuwa umebakiza upana wa kucha kufika kwenye nywele. Kila kitu ndani yake kilitaka kunyoosha mkono, kugusa tu, kuhakikisha. Dada Pasi akarudi nyuma.

"Mwachie," akasema.

Cheche akaushusha mguu. "Tena?"

"Basi kwa leo. Amenipa."

"Amekupa nini? Hata hujamgusa!"

"Nitamgusa kesho. Asubuhi, kabla ya kazi, nawe uwepo."

"Asubuhi ile mimi huwa nimelala."

"Si unasema unanisikia?"

Cheche akaguna. Alichukua chaki, akaitazama nguzo, akaitazama tupa, akairudisha chaki sikioni bila kuchora. Dada Pasi aliitundika tupa kwenye msumari usawa wa pua ya farasi, ili ainuse mwenyewe kwa wakati wake. Kisha akautoa ufunguo wa banda kwenye shada na kuuacha umening'inia kwenye kufuli. Alipofika katikati ya ua aligeuka kuangalia kama Cheche anafanya jambo jingine mle ndani. Cheche naye alikuwa mlangoni, anamwangalia yeye.

"Nini?" wote wakauliza kwa pamoja.

Vumbi la nyasi lilikuwa bado kooni. Dada Pasi akafunika mdomo kwa aproni, akaharakisha, akapita chumba cha uani, akapita pipa la maji, akafungua geti na kutoka hadi barabarani, na huko ndiko alikokohoa mpaka machozi yakamtoka.

Alipoinua uso, Bi Mashaka alikuwa ametoa kichwa juu ya mlango wa banda, masikio yamesimama, akingoja maelezo.